Pikipiki Iliyolala na Ng'ombe

Mimi ni mtu wa kutoa ushauri. Ukinikuta kwenye duka la chai la Kadir, kabla hujaagiza nitakuwa nimeshakwambia ng'ombe wako alishwe nini, mwanao aoe ukoo gani na paa lako linavujia wapi. Nina miaka sitini na mitatu, na kwa miaka yote hiyo sikuona kosa lolote katika tabia hii. Mwaka huu, asubuhi ya Hidirellez, sikukuu yetu ya kuaga baridi, nililiona.

Habari yenyewe ni ya Nazile, mjane wa Turabi. Turabi alikuwa mtoto wa binamu yangu, na kwa miaka ishirini ndiye aliyeteremsha maziwa ya kijiji chetu kwa Fundi Muhsin, mtengeneza jibini, kilomita kumi na moja chini ya bonde. Aliyabeba kwa pikipiki yake ya kizamani yenye kigari ubavuni. Januari alifariki kwa figo katika hospitali ya Erzurum, na theluji ilikuwa nene kiasi kwamba jeneza lilikwama njiani siku mbili. Alimwachia Nazile ng'ombe wanne na pikipiki. Nazile ana kaka mmoja, yuko mji wa Bursa, upande wa pili wa Uturuki, naye alianza kupiga simu hata kabla arobaini haijaisha.

Kaka alikuwa na wimbo mmoja: uza ng'ombe, njoo mjini. Nazile akamwambia atabeba maziwa mwenyewe. Walivutana wiki nzima kwa simu, mwishowe wakaafikiana hivi: akiipata kazi ya kubeba maziwa msimu huu, abaki nyumbani kwake, akiikosa, Ijumaa itakayofuata lori linakuja kumchukua yeye na virago vyake.

"Bursa nitafanya nini, Ami?" aliniuliza. "Nikae ghorofa ya tano nitazame nguo za jirani zikikauka?"

Sasa, kazi ile Fundi Muhsin haigawi kwa maombi. Hataki wabebaji wawili wa kijiji kimoja wagombane mlangoni kwake. Utaratibu wake ni ule wa baba yake: siku ya Hidirellez, tarehe sita Mei, anafungua msimu, na kwa kila kijiji, wa kwanza kumwaga maziwa kwenye sufuria lake kubwa ndiye mbebaji mpaka theluji irudi. Na mwaka huu Binali alikuwa ametangaza kwamba trekta lake nalo litashuka. Binali si mtu mbaya. Ana watoto watatu na tela lililokaa bure, basi.

Jambo jingine ni kwamba kwetu injini haiamshwi kabla ya siku hiyo. Usiniulize kwa nini. Babu zetu hawakuwa na pikipiki, lakini desturi imejiotea yenyewe: kabla ya Hidirellez ng'ombe hapandi malishoni, na Turabi hakuwa anapiga kiki hata kama barabara imekauka wiki mbili nyuma. Nazile aliishika desturi ya mumewe vilevile. Kwa hiyo pikipiki ilijaribiwa kwa mara ya kwanza asubuhi ileile iliyohitajika.

Nilifika uani kwake saa kumi na mbili kasorobo na madebe yangu mawili ya maziwa. Alikuwa amekwisha kukamua. Pikipiki ilisimama katikati ya ua, naye amevaa mabuti ya mpira ya Turabi, kilemba kimefungwa nyuma ya shingo, anapiga kiki. Alipiga ishirini, akapumzika, akapiga ishirini tena. Mashine haikukohoa hata kidogo.

Wanaume walikuwa wamejipanga ukutani, na kila mmoja alikuwa fundi.

"Petroli imelala," alisema Kadir wa duka la chai.

"Isukumeni mteremkoni," alisema Binali, aliyekaa juu ya trekta lake nje ya lango. "Isipowaka, angalau itakuwa imesogea kuelekea kwa Fundi Muhsin."

Watu wakacheka. Nazile naye alitabasamu, lakini hakuinua kichwa. "Binali mdogo wangu, hilo trekta lako mwaka juzi lilitolewa matopeni na ng'ombe wangu. Wao hawajakudai hata shukrani. Nyamaza tu."

Wakacheka zaidi, na Binali akacheka pamoja nao. Nami nikaona zamu yangu imefika. "Mkwe," nikasema, "hiyo ni kabureta. Sikia ninachokwambia. Kabureta."

"Nitafika huko, Ami. Kwa zamu yake."

Lazima niwaeleze kidogo kuhusu huyu mwanamke. Ng'ombe yeyote kijijini akishindwa kuzaa, anayeitwa ni Nazile. Wengine wakifika huvamia, huvuta miguu ya ndama, hupiga kelele. Yeye husimama kwanza, kisha huuliza kwa utaratibu: amekula nini, anapumuaje, ana joto kiasi gani. Haruki swali hata moja, hata mwenye ng'ombe akilia mbele yake. Asubuhi ile niliona anaiuliza pikipiki maswali yaleyale, na nilishangaa jinsi yalivyoiingia sawasawa.

Alianza na chakula. Alichomoa mpira wa petroli, akaifungulia itiririke kwenye bilauri ya chai, akainusa, akaiinua juani. Ilikuwa safi, ya jana, na oili yake imechanganywa. Akafungua kikombe cha chini ya kabureta. Nacho hakikuwa na tope wala maji.

"Tangi nililikausha mwenyewe Novemba," alisema, na nilijua ananijibu mimi bila kunivunjia heshima. "Kula, amekula."

Halafu pumzi. Alifungua sanduku la chujio la hewa, na humo mkakutwa kiota cha panya kizima: shayiri, manyoya ya kuku, na uzi wa sufu ya kijivu uliotafunwa ukawa laini. Alipouona uzi ule mikono yake ilisimama. Ilikuwa soksi ya Turabi, aliyoifuma yeye. Aliutenga uzi, akautia mfukoni, akatupa vilivyobaki na kupuliza chujio.

"Ndiyo hiyo," Kadir akasema. "Ilikuwa imekabwa, maskini."

Sote tuliamini. Nazile alirudisha kila kitu, akapanda, akapiga kiki. Hewa iliingia sasa, tuliisikia. Lakini mashine haikuwaka. Akapiga tena mpaka uso ukawa mwekundu, na wale waliokuwa ukutani wakaanza kutazama saa zao.

Hapa nasema jambo ambalo ningependa kulificha. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa limeshafika kwenye madebe. Nilijiambia kwamba maziwa ni maziwa, kwamba nina wake wa wanangu wanaotegemea jibini hiyo, kwamba hata nikisimama pale hadi jioni pikipiki haitawaka kwa huruma. Niliyanyanyua madebe yangu mawili nikayapeleka kwenye tela la Binali. Mimi, jamaa ya Turabi, niliyekula kwake mara ngapi sijui. Nilipogeuka, Nazile alikuwa ananitazama. Akainama tena kwenye kazi yake. Wengine waliponiona mimi nimepakia, nao wakapakia.

Swali la tatu lilikuwa la joto, yaani moto. Aliwasha taa ya mbele, ikawaka vizuri. Betri ilikuwa imelala chini ya kochi lake msimu wote wa baridi, karibu na jiko. Akafungua plagi, akaibana kwenye chuma cha injini, akaitilia kivuli kwa sketi yake, akasukuma kiki kwa mkono. Hapakuwa na cheche. Akatoa plagi mpya kwenye kikopo cha tumbaku cha Turabi, akajaribu tena. Hapakuwa na cheche.

Saa moja kamili Binali alipiga honi. Alishuka, akaja mpaka langoni, amevua kofia.

"Dada Nazile, nimekungoja mpaka nimeaibika. Maziwa ya watu yatachacha."

"Nenda, mdogo wangu. Umengoja vya kutosha."

Alikwenda. Wanaume wakatawanyika mmoja mmoja, wakisema pole, wakisema Mungu ana njia nyingi. Nilibaki peke yangu. Msidhani ni wema. Miguu yangu ilikuwa imekataa tu.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisimulie habari hii. Mlio wa trekta ulikuwa unafifia barabarani, na kila mzunguko wa magurudumu yale ulikuwa unaipeleka nyumba ya Nazile Bursa. Mimi ningepiga teke ile mashine. Yeye alikwenda ndani, akarudi na birika, akanawa mikono kwa maji ya moto na kuikausha kidole kwa kidole. Halafu akachuchumaa mbele ya pikipiki akaanza kusema polepole. Hakuwa anasema nami wala na mashine.

"Umeme upo kwenye betri. Kwenye plagi haufiki. Basi umepotelea njiani, na njia yenyewe haizidi urefu wa mkono wangu."

Akaweka kidole kwenye waya unaotoka betrini akaufuata. Hakuuacha. Ulipoingia chini ya fremu, kidole kiliingia. Ulipotokea upande wa kulia, kilikuwa nao. Mwisho waya ukazama ndani ya kifuniko cha duara kwenye ubavu wa injini. Akafungua skrubu tatu, akazipanga juu ya kitambaa, akatoa kifuniko.

"Njoo uone, Ami."

Nilisogea nikaona. Humo ndani ndimo zinamokaa pointi, vichuma vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche izaliwe. Vyote, na kichwa cha waya, na bamba vilipofungwa, vilikuwa vimeota kijani. Kijani kibichi, chenye unga. Kijani kile nakifahamu, na kila mtu kwetu anakifahamu. Ni kijani cha sufuria la shaba lililosahauliwa zizini. Mvuke wa mkojo wa ng'ombe huila shaba kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana hakuna mama anayeweka chombo cha shaba huko. Mke wangu mwenyewe nimewahi kumfokea kwa hilo.

Na pikipiki ile ilikaa zizini miezi mitano kwa amri yangu. Novemba, Turabi akiwa kitandani hospitalini, nilimkuta Nazile akiisukuma kwenda kwenye banda la nyasi kavu, alikoiweka Turabi kila mwaka, penye baridi kama kaburini. Nikamzuia. Nikamwambia, "Mkwe, huko utaiua. Iweke na ng'ombe. Wanapumua humo usiku kucha, hata yai haligandi." Akasema Turabi hufanya vingine. Nikasema, "Turabi yuko kitandani. Niliye hapa ni mimi." Niliihurumia ile mashine kama ndama. Haikunijia kabisa kwamba ndani yake kuna shaba.

Nilingoja aseme. Alichukua kiberiti, akachana ule upande wa kuwashia, akaukunja mara mbili na kuupitisha katikati ya pointi, mara tatu, mara nne, mpaka chuma kikaonekana. Akakwangua kichwa cha waya kwa kisu. Halafu akaingia ndani akatoka na chupa ya kolonya, ileile marashi ya limau tunayowamiminia wageni mikononi, akalowesha kitambaa na kufuta kila pembe. Ua mzima ukanukia kama sikukuu. Mwisho akabana nyembe nne za kunyolea pamoja, akazipenyeza kati ya vile vichuma kupima nafasi. Ziliingia kwa kukwaruza kidogo tu, akaridhika.

"Shika plagi, Ami. Shika huku kwenye mpira, usije ukalia."

Nikashika. Akasukuma kiki kwa mkono, na cheche ndogo ya buluu ikaruka. Nimeona harusi nyingi na fataki zake, sijawahi kufurahia moto namna ile. Alifunga kila kitu bila kuharakisha skrubu hata moja. Kiki ya kwanza, mashine ikakohoa. Kiki ya pili ikanguruma, ikatapika moshi mweupe uani kote, kuku wakakimbilia paani. Nilifuta macho, na sitasema ni moshi.

Saa moja na robo. Alifunga debe lake moja, la ng'ombe wake, kwenye kigari.

"Ingia, Ami."

"Mimi nikafanye nini?"

"Kigari kikiwa chepesi kinanyanyuka kila kona ya kulia. Nahitaji uzito."

"Kwa hiyo leo mimi ni jiwe."

"Jiwe lenye masharubu. Ingia, tumechelewa."

Nikaingia, nikakumbatia debe. Alivyoiendesha, sina maneno mengi: kwa miaka ishirini alikuwa amekaa mahali nilipokaa mimi, akimtazama mumewe. Alikijua kila kidimbwi. Tulipokuwa tumevuka makaburi, moyo ukanizidi nikapiga kelele kuushinda mlio wa injini.

"Mkwe, ni mimi niliyeiharibu. Zizi lilikuwa neno langu."

"Najua, Ami. Nilijua tangu nilipotoa kifuniko."

"Mbona hukunisema?"

"Wanaume walikuwa wameshaondoka. Ningemsemea nani?" Akabadilisha gia. "Halafu mdomo ulikuwa wako, lakini mikono iliyoisukuma zizini ni yangu. Nilijua Turabi hafanyi hivyo, na nikaisukuma. Kona ya kulia hiyo, egemea nje."

Nikaegemea. Trekta tulilikuta kabla ya daraja, likienda katikati ya barabara, tela likiyumba. Nazile akapiga honi. Binali akageuka, akatuona, akatupungia mkono kwa furaha kabisa, na hakupisha hata shubiri. Simlaumu, nami nisingepisha. Nazile hakupiga honi tena. Alitoka barabarani, akaingia kwenye malisho yaliyolowa maji ya theluji, gia ya pili, bila kuachia mafuta. Gurudumu la kigari lilizama, likatoka, likazama. Matope ya barafu yakanifika kifuani, nikaegemea kila upande aliotaja, na sikuwahi kumtii mtu namna ile tangu jeshini. Tukaibukia barabarani mbele ya pua ya trekta.

"Ami Settar, umeloa," Binali alipaza sauti nyuma yetu.

Fundi Muhsin alikuwa mlangoni, aproni nyeupe hadi miguuni, sufuria limeshatengwa juu ya moto. Niliposhika mpini wa debe kumsaidia, Nazile akanizuia.

"Liache. Fundi aone mwenyewe."

Alilinyanyua peke yake, debe la lita ishirini, akapanda ngazi tatu na kumimina. Fundi alichovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akavuta daftari lake la majina.

"Niandike Turabi, kama siku zote?"

"Turabi amepumzika, Fundi. Andika Nazile."

Fundi akaandika. "Debe moja tu kutoka kijiji kizima?"

"Moja hili. Mengine kumi na moja yanashuka na trekta, yako darajani. Mawili ya mbele ni ya Ami Settar. Mwandike na yeye chini yangu, wa kwanza."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Mtu niliyemwacha saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameyahesabu madebe yangu, anajua yamekaa wapi kwenye tela, na ameyachukua bila kunidai neno.

"Kweli, Settar?" Fundi akaniuliza.

"Kweli," nikasema. "Msimu mzima."

Trekta liliingia uani. Binali aliiona pikipiki, akaona daftari, akapuliza mashavu, kisha akaanza kushusha madebe kimyakimya. Aliposhusha la mwisho alimwendea Nazile akamwambia hongera, dada, na akaongeza kwamba malisho aliyoyalima kwa gurudumu ni ya baba mkwe wa Binali mwenyewe.

Nazile akanigeukia. "Ami, una salio kwenye simu yako?"

Nikampa. Alitembea hadi ukutani, akatugeuzia mgongo. Sikukusudia kusikiliza, ila simu yangu ni ya mzee, inapiga kelele.

"Kaka," alisema, "lile lori usilete."

Sauti ya Bursa ikauliza maswali mengi kwa mpigo.

"Ndiyo, kazi nimeipata. Hapana, hakuna mwingine aliyeitengeneza. Mimi." Mabega yake yalianza kutikisika, na hapo nikakumbuka kwamba tangu Januari, mazishini, arobainini, hakuna aliyemwona Nazile akitoa chozi. Kaka yake naye alikuwa ameisikia sauti imebadilika, maana aliuliza kwa nguvu mpaka tukasikia sote: nani amekufanyia nini, mbona unalia?

"Hakuna mtu, kaka," alisema. "Nalia kwa sababu imewaka."